Kabla Hujauza Kiwanja Kwenda Kupasuliwa India, Dai Maandishi Kwanza

Juma lililopita niliweka hapa picha moja na maneno machache, kwamba baada ya kubadilishwa goti kule India, nimetoka nyumbani Chumbageni, hapa Tanga, nikatembea hadi Raskazone bila fimbo wala kushikwa mkono. Simu yangu haijapumzika tangu siku ile. Wengi wamenipongeza, Mungu awalipe. Lakini waliouliza ni wengi zaidi, na swali lao ni moja. Binti mmoja wa Musoma ameniruhusu niyaweke maneno yake hapa bila jina: "Shikamoo Mwalimu. Baba yetu ana miaka 66, anatakiwa abadilishwe nyonga. Tarehe imesogezwa, ikasogezwa tena, sasa hatuambiwi kitu. Kaka zangu wanataka tuuze kiwanja cha Makoko tumpeleke India. Wewe ulifanyaje?"

Marahaba, mwanangu. Nakujibu hapa hapa ili na wenzio wasome.

Msiuze kitu chochote kabla hamjashika karatasi mbili mkononi. Ya kwanza itoke hospitali ya hapa nyumbani, iseme baba anaumwa nini, anahitaji upasuaji gani, kinachokwamisha ni nini na tarehe yake ni ipi. Ya pili itoke hospitali ya huko mnakotaka kwenda, iseme gharama ni kiasi gani, ndani yake mna nini, hamna nini, na daktari atakayeshika kisu ni nani. Mkiwa nazo zote mbili, kaeni kikao cha familia mchague. Mkikosa hata moja, mnacheza kamari kwa kiwanja cha mzee.

Nimeyajua haya kwa kuyapitia. Nimesimama ubaoni zaidi ya miaka 30, darasa la kwanza na la pili, na mwalimu wa madarasa hayo hakai kitini, anainama kwa kila mtoto. Magoti yalianza kuniuma kabla sijastaafu. Nikiwa nashuka ngazi nasikia kitu kinakwaruza ndani. Kila niliyemwambia alinijibu kwa neno moja: uzee. Dada zangu, uzee. Majirani, uzee. Muuza duka la dawa naye, uzee, huku ananipimia vidonge vya maumivu vya juma zima. Nilivimeza vidonge vile mpaka presha ikapanda na tumbo likaanza kuwaka moto. Daktari ndiye aliyenieleza baadaye kwamba dawa za aina ile zikitumiwa mfululizo huchosha figo na kupandisha presha, na muuzaji hakuwahi kunigusia hilo. Ikafika mahali nikawa naswali kwa kukaa kitini, nyuma ya safu, mimi ambaye wanafunzi wangu wa zamani ndio wanaosimama mbele.

Nilipopata rufaa ya kwenda kliniki ya mifupa ya hospitali kubwa ya umma, nilikuta kijana mwenye adabu, daktari bingwa, umri wa mwanangu wa kwanza. Aliniwekea eksirei kwenye taa akanionyesha mwenyewe. "Mama, tazama hapa. Gegedu, kile kinachotenganisha mifupa, imekwisha. Mfupa unasaga mfupa. Dawa haitarudisha kitu, hili ni la kubadilisha goti." Nilimshukuru, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu alinitajia ugonjwa badala ya umri. Akaniandikisha. Nikapewa tarehe.

Tarehe ilipofika, nilifunga tangu usiku kama nilivyoagizwa, binti yangu ameomba ruhusa kazini, mfuko wa khanga na ndoo ya kuogea tayari. Saa nne asubuhi tukaambiwa turudi nyumbani, tutapigiwa simu. Tulipigiwa, tukaenda, ikawa vile vile.

Nataka niwe mwadilifu hapa, kwa sababu sijaja kuisema hospitali. Siku ile ya pili nilikaa kwenye benchi la korido nikatazama wanaoingizwa ndani. Walikuwa vijana watupu. Mmoja ana vyuma vimetokeza nje ya muundi, mwingine paja limefungwa kwa mbao, mwingine damu inachuruzika mpaka kwenye magurudumu ya machela. Bodaboda, bodaboda, bodaboda. Thieta za mifupa ni chache, madaktari wa usingizi na ganzi ni wachache zaidi, na kila ajali inayoingia usiku inakaa mbele ya bibi mwenye goti. Hata mimi ningekuwa daktari ningeanza na yule kijana. Halafu goti bandia lenyewe huagizwa kwa saizi ya mgonjwa, na kibali cha bima cha kifaa hicho kina njia yake na meza zake. Yote haya nimeyaelewa.

Ninachoshindwa kukisahau ni kauli. Muuguzi mmoja, bila hata kuinua uso, alinijibu: "Mama, wewe siyo dharura." Kwa lugha ya hospitali alisema kweli. Lakini mimi nilikuwa sijalala usiku mzima kwa zaidi ya mwaka. Nilikuwa natambaa kwenda chooni alfajiri nikijishika ukutani ili nisimwamshe mjukuu. Sitakufa kwa goti, ni sahihi, na maisha yangu yalikuwa yamesimama. Nikamwomba aniandikie kwenye daftari langu la kliniki sababu ya kuahirishwa na tarehe mpya. Akasema hawaandiki hivyo. Hapo ndipo nilipoamua.

Nanyi mnaonisoma mmezoea kuambiwa mvumilie. Mimi ni Muislamu, subira naijua na naifundisha. Lakini kuuliza hakuvunji subira. Muulizeni daktari kwa upole: nini kinachokwamisha, ni kifaa, ni kibali, ni nafasi ya thieta, ni mtaalamu? Kila kimoja kina dawa yake. Kama ni kibali cha bima, kinafuatiliwa. Kama ni kifaa, huenda hospitali nyingine ya umma kinapatikana. Kama ni nafasi, ombeni rufaa ya kwenda kwingine. Na jibu liandikwe, hata kwa mistari miwili kwenye daftari.

Basi nikastaafu, nikapata kiinua mgongo. Nilikuwa nimekipangia kujenga darasa la pili la shule yangu ya awali, matofali nimeshafyatua. Nilipoitisha kikao cha familia nikawaambia sehemu ya fedha hiyo inakwenda kwenye goti, kaka yangu, tumbo moja, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp mbele ya watoto na wakwe: "Kiinua mgongo kinamuwasha, anataka kwenda kutembea India." Sikumjibu. Amekuja kunitazama tangu nirudi, amekunywa chai, ameniona ninavyosimama kwenda jikoni na kurudi, na neno lile hajaligusa. Namsamehe kwa ajili ya Mungu. Ila ninaliandika hapa kwa sababu najua baadhi yenu mna kaka kama yule, na mtakapoamua kutoa fedha zenu kwa ajili ya mwili wenu, hasa mkiwa wanawake, mtaambiwa mnajipenda. Mjibuni kwa kupona.

Niliyeelekezwa kwake kwanza alikuwa wakala mmoja wa Dar es Salaam. Ofisi safi, picha za hospitali za India ukutani. Alinihakikishia kila kitu, hata hajaiona eksirei yangu. Kisha akanitaka nitume fedha ya "kushika nafasi" kwa namba ya simu, jina la mtu binafsi. Nikamwambia nataka barua yenye nembo ya hospitali, gharama, jina la daktari, na akaunti ya hospitali yenyewe. Akacheka. "Mama, siku hizi mambo hayaendi kwa makaratasi." Nikaaga. Wapo mawakala waaminifu, nimekutana nao baadaye, na hao hawachukui fedha ya mgonjwa kwa sababu hospitali huwalipa kamisheni kwa kila wanayempeleka. Kwa sababu hiyo hiyo, wakala atakusifia ile inayomlipa vizuri. Jueni hilo mnapomsikiliza.

Binti yangu wa pili, anayejua kompyuta, aliziandikia barua pepe hospitali tatu moja kwa moja. Hospitali kubwa za kule zina idara ya wagonjwa wa kimataifa, na kuwaandikia hakuna malipo. Walitujibu zote, moja siku hiyo hiyo. Na hapa nisikilizeni vizuri: waliomba eksirei za magoti nikiwa nimesimama. Zile nilizopigwa nimelala hazikuwafaa, kwa kuwa goti likibeba uzito ndipo linaonyesha nafasi iliyobaki. Wakaomba kipimo cha moyo, kipimo cha sukari kile cha wastani wa miezi mitatu, orodha ya dawa ninazomeza, na wakauliza habari za meno. Meno! Jino bovu huweza kupeleka vijidudu kwenye kiungo bandia. Nilikwenda kung'oa mawili hapa hapa Tanga kabla ya safari.

Majibu ya gharama yalikuja kwa maandishi. Ya kwanza dola 4,500 kwa goti moja, ya pili 5,200, ya tatu 7,800. Kaka yangu angesema chukua ya 4,500. Tuliposoma chini, ile ya 4,500 haikuhesabu goti bandia lenyewe, wala dawa za kuondoka nazo, wala mazoezi tiba baada ya kutoka wodini. Ile ya 5,200 ilitaja aina ya kipandikizi, yaani goti bandia lenyewe, idadi ya siku za kulazwa, chumba, chakula cha mgonjwa na cha msindikizaji, vipimo, hata siku za mazoezi. Na ilikuwa na mstari unaosema nikizidisha siku au nikiingia uangalizi maalumu, kila siku ni kiasi gani. Nikachagua hiyo, kwa sababu ilinieleza mabaya yanayoweza kutokea pamoja na bei yake.

Mtu atauliza kwa nini kule ni nafuu. Kwanza, wanafanya upasuaji huu kwa wingi, na chumba chenye kazi asubuhi hadi jioni hugawa gharama zake kwa wagonjwa wengi. Pili, Agosti 2017 serikali ya India iliweka ukomo wa bei ya magoti bandia, kama ilivyokuwa imefanya mapema mwaka huo kwa vile vibomba vya kuzibua mishipa ya moyo. Bei za magoti zilishuka sana, nyingine kwa zaidi ya nusu. Hii ndiyo sababu nasema mgonjwa ajue kipandikizi chake ni cha aina gani na bei yake imeandikwa wapi. Hospitali nayo ikaguliwe: ithibati, yaani cheti cha ubora, ya NABH ni ya kwao India, ya JCI ni ya kimataifa, na zote mbili unaweza kuhakikisha kwenye tovuti ya chombo chenyewe badala ya kuamini nembo iliyobandikwa kwenye tangazo.

Viza ni ya matibabu. Msidanganywe kwenda kwa viza ya utalii ati ni rahisi. Ile ya matibabu ya mtandaoni inakupa siku 60 na kuingia mara tatu, na mgonjwa anaruhusiwa wasindikizaji wawili wenye viza yao ya usindikizaji. Mwombeni msaada wa kiti cha magurudumu shirika la ndege siku ile ile mnapokata tiketi, hamtatozwa kitu. Tulipanda ndege ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Mumbai, tukaunganisha kwenda Chennai.

Chennai ni joto kama Tanga ya Februari, na watu wake ni wapole. Mitaa ya jirani na Greams Road imejaa nyumba za wageni zilizotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa, zenye jiko, na huko utasikia kila lugha. Watu wa Bangladesh ndio wengi kuliko wote, wapo Waomani, Wakenya, Wakongo. Nilibeba unga wa sembe na dagaa, binti yangu akawa anasonga ugali, harufu ikawaleta majirani mlangoni. Ndipo tulipojuana na baba mmoja wa Lubumbashi, Kiswahili chake kizuri kina ladha ya kwao, aliyekuja kubadilishwa nyonga. Sukari yake ilikuwa juu. Madaktari wakakataa kumgusa mpaka ishuke, na wana haki, kwa kuwa sukari ikiwa juu kidonda hakifungi na usaha ni rahisi kuingia. Lakini kila siku ya kusubiri sukari ishuke ilikuwa siku ya kulipa chumba, chakula na sindano. Nilimkuta akiwapigia wanawe simu awaombe wauze na pikipiki. Niliumia sana kwa ajili yake. Sukari ile ingeweza kushushwa nyumbani, taratibu, kwa bei ya dawa za kawaida. Nawaambia, msipande ndege na sukari ya juu. Msipande ndege na presha inayoruka. Na mkihesabu fedha, wekeni pembeni akiba ya dharura ambayo hamtaigusa, angalau robo ya makadirio.

Nilipasuliwa kwa sindano ya ganzi ya mgongoni, macho wazi, pazia mbele ya kifua. Nilisikia msumeno, nikasikia nyundo. Sikusikia maumivu hata kidogo. Nilikuwa nasoma Yaasin kimoyomoyo, na daktari wa usingizi, mama mwenye bindi kwenye paji, alinishika bega muda wote. Kesho yake walinisimamisha. Yaani kesho yake! Nikafikiri wamekosea mgonjwa. Nikashika fremu, nikapiga hatua tatu, nikalia, binti yangu akalia, na yule kijana wa mazoezi akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwa wagonjwa, "Pole pole, mama, tena moja."

Siwadanganyi kuhusu yaliyofuata. Mazoezi ya kukunja goti yanauma kuliko upasuaji. Asubuhi na jioni wanakukunja, na wewe ukiwa peke yako unatakiwa ujikunje. Ukiogopa maumivu goti hukakamaa, na likishakakamaa fedha yako yote imekwenda na maji. Nimemwona mtu aliyefanyiwa kazi nzuri kabisa akawa mlemavu kwa sababu alirudi nyumbani akahudumiwa kitandani na wanawe kwa mapenzi. Msimhurumie mgonjwa wa goti. Mpeni fremu, mumtembeze.

Kurudi pia kuna taratibu zake. Upasuaji wa miguu huleta hatari ya damu kuganda kwenye mishipa, na kukaa ndani ya ndege saa nyingi kunaiongeza. Daktari ndiye atakayesema lini upande, akupe dawa ya kuzuia kuganda, soksi za kubana, na barua ya kuonyesha uwanjani kwa kuwa chuma cha goti kinapiga kelele kwenye mashine. Pini za mshono wangu zilitolewa kule kule kabla hatujaondoka. Wanaokata tiketi ya kurudi haraka ili kuokoa fedha ya chumba wanatafuta balaa.

Na karatasi tena. Siku ya kuruhusiwa dai muhtasari wote wa matibabu, picha za kabla na baada, na zile stika ndogo za kipandikizi zenye jina la mtengenezaji, saizi na namba ya toleo. Kila goti bandia huja na stika zake, na moja hubandikwa kwenye faili lako. Kama siku moja, miaka 15 baadaye, goti litahitaji marekebisho, daktari atakayelifungua atataka kujua ndani mna nini. Zangu nimezifunga kwenye nailoni, ziko pamoja na hati ya nyumba.

Niliporudi nilizipeleka karatasi zile kwa yule yule daktari kijana wa mwanzo. Nilikuwa na hofu atanikasirikia kwamba nimemkimbia. Akazisoma zote, akatazama eksirei mpya, akanitembeza mpaka mlangoni na kurudi. "Mama, kazi nzuri. Sasa nitakuendeleza mimi." Akanipangia mazoezi tiba hapa Tanga. Naambiwa wapo madaktari wanaokataa kumgusa mgonjwa aliyepasuliwa nje. Huenda wanakataa kwa sababu mgonjwa anakuja mikono mitupu, bila hata kipande cha karatasi, na ananuna akiulizwa. Ungekuwa wewe ungemshika?

Jumla yote, upasuaji, tiketi mbili, viza, nyumba, chakula, dawa na mazoezi, ilikaribia shilingi milioni 21. Hospitali binafsi moja ya Dar es Salaam ilikuwa imenitajia milioni 26. Kwa hiyo wale mnaodhani India ni nusu bei, hesabuni tena na tiketi ya msindikizaji ndani yake. Kilichonipeleka kule zaidi ya unafuu ni tarehe. Waliniandikia tarehe, na siku hiyo wakanipasua.

Wala msione foleni hii ni aibu ya nchi yetu peke yake. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la tiba la The Lancet lilieleza kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama na wa bei wanayoimudu pale wanapouhitaji. Binamu yangu anaishi Birmingham. Uingereza, nchi ambayo hospitali yake ya umma haikulipishi senti, orodha ya kusubiri matibabu katika England ilipita milioni 7 mwaka 2022, na Waingereza wenyewe wanapanda ndege kwenda Lithuania na Poland kubadilishwa magoti. Binamu alinipigia kuniuliza Chennai ni shilingi ngapi. Mimi, mwalimu wa darasa la kwanza, nikamtumia makadirio yangu.

Lakini nanyi msikimbilie uwanja wa ndege kama kwamba hapa nyumbani hakuna kitu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ipo tangu 1996 na inabadilisha nyonga na magoti. KCMC kule Moshi na Benjamin Mkapa ya Dodoma nao wanafanya kazi hiyo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete tangu 2015 imewapasua moyo watu ambao zamani wote tungewachangia nauli ya India. Figo zinapandikizwa Muhimbili tangu Novemba 2017. Kwa hiyo, mwanangu wa Musoma, karatasi ya kwanza ulizeni kwanza, na mkikwama hospitali moja ombeni rufaa ya nyingine kabla ya kufikiria pasipoti. Serikali humpeleka mgonjwa nje kwa gharama ya serikali yenyewe pale matibabu yanapokuwa hayapatikani nchini, na nyonga inapatikana, kwa hiyo safari ya nje itakuwa ya mfuko wenu.

Na kuna swali ambalo hukulijibu kwenye ujumbe wako. Baba nyonga yake imesagika taratibu kama goti langu, au alianguka ikavunjika? Kama imevunjika, habari ni nyingine kabisa. Mzee mwenye nyonga iliyovunjika akilazwa kitandani majuma kwa majuma huota vidonda vya mgongo, damu huganda mguuni, nimonia humwingia. Hiyo ni dharura, na mwende mkaseme hivyo leo, mkamwone daktari mkuu wa zamu, mtaje neno hilo la kuvunjika, muulize anapasuliwa lini au anahamishiwa wapi. Kama imesagika tu, mna muda wa kukusanya karatasi, kushusha sukari na presha, kung'oa meno mabovu, na kufanya hesabu bila kukimbizwa.

Wanangu, mali hutafutwa. Nimefundisha watoto wengi wa mji huu, na wengi sasa wana magari na nyumba, na wengi wao hawajui presha zao ni ngapi. Mnatafuta maisha, ni vizuri. Wekeni na fungu la mwili. Lipieni bima mkiwa wazima. Wazazi wenu wakisema miguu inauma msiwajibu "ni uzee" kama nilivyojibiwa mimi. Wapelekeni wapigwe picha wakiwa wamesimama, mshike faili lao, na kila mnachoambiwa kiandikwe.

Mimi bado naswali kitini. Daktari wa Chennai alinieleza mapema kwamba haishauriwi kupiga magoti kwa goti bandia, na kwamba sijida kamili huenda isirudi, nami nimeridhika. Goti la kushoto nalo limefika wakati wake. Hili nitalifanya hapa hapa nchini. Nimeshawaona madaktari, kibali cha bima kimetoka, aina ya kipandikizi na mchango wangu vimeandikwa, na aliyeniandikia tarehe ameweka sahihi na muhuri. Ni Desemba, shule zikifungwa.